Je, kuchemsha uji wa lishe kwa muda mrefu huondoa sumukuvu?

Mama wa Miezi Minane, Dodoma
Habari za leo, ndugu zangu. Mwanangu ana miezi minane, na unga wake wa lishe nauandaa mwenyewe kwa mahindi yasiyokobolewa, karanga, soya, ulezi na mchele, vyote nikivisagisha pamoja mashineni. Juzi nilipopekua karanga zilizobaki ndooni nilikuta baadhi zimesinyaa, na nyingine nilipozipasua zilikuwa na ukungu wa kijani ndani. Mama mkwe anasema nisihangaike, kwani uji ukichemka nusu saa hakuna kinachobaki. Naomba kujua kama ni kweli, na unga niliokwisha kuusaga niufanyeje.

Bwana Shamba Mstaafu
Dada, mama mkwe hakukosea kuhusu kuvu wenyewe, maana moto huwaua. Lakini sumu waliyokwisha kuiacha ndani ya punje huhimili joto la zaidi ya nyuzi 200, ilhali sufuria ya uji haivuki sana nyuzi 100. Unga huo umwage, ingawa najua karanga si bei rahisi. Mwaka 2016 watu 68 waliugua kwa sumukuvu huko Dodoma na Manyara, 20 wakafariki, na mahindi yaliyohusishwa yalikuwa ya mashamba yao wenyewe.

Kazi yote iko kabla ya mashine. Tandaza karanga kwenye ungo mahali penye mwanga, uzichambue moja moja, uondoe zilizosinyaa, zilizovunjika na zilizobadilika rangi, kwa sababu punje chache mbovu ndizo hubeba sehemu kubwa ya sumu ya gunia zima. Mahindi yakoboe, kwani sumu nyingi hukaa kwenye pumba na kiini. Kabla ya kuyahifadhi, tia kiasi kidogo pamoja na chumvi kavu katika chupa kavu, utikise, uache robo saa. Chumvi ikinata kwenye chupa, yarudishe juani juu ya turubai.

Muuguzi wa Kliniki ya Watoto
Mimi siafiki kabisa mazoea ya kurundika nafaka tano au saba katika unga mmoja, kwa kuwa kimoja kikiwa kibovu huharibu vyote, na kikishasagwa hakuna jicho litakalokitambua. Mtoto hunywa uji huohuo kila siku, na mwili wake ni mdogo. Saga mchele na mahindi yaliyokobolewa, kisha ongeza yai, maharage yaliyopondwa au dagaa waliosagwa wakati wa kupika.

Mama wa Miezi Minane, Dodoma
Ahsanteni sana. Leo nimechambua kilo moja ya karanga nikatoa kikombe kizima cha mbovu. Je, naweza kuwapa kuku?

Bwana Shamba Mstaafu
Hapana, dada. Kuku nao hudhurika, na ng'ombe wa maziwa akizila, sumu hupita hadi kwenye maziwa. Chimba shimo uzifukie.