Mbaruti huu (mmea wa miiba, kwa Kiingereza thistle) ni wa asili ya huku au ni gugu? Naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Niko Colorado, Marekani, kwenye miteremko mikavu ya Rocky Mountains, kama mita 2,100 hivi. Nyuma ya uzio wetu imeota mibaruti sita kwenye changarawe tupu. Jirani, mzee wa watu, kila akipita ananiambia niing'oe yote. Mkono unasita, maana huku ipo mibaruti ya asili ambayo nyuki na vipepeo wanaitegemea.

Majani ni ya kijivu, yana manyoya meupe kama pamba juu na chini, kingo zimejikunja mawimbi. Ua ni la waridi, limesimama wima. Vigamba vilivyo chini ya ua vina mstari mweupe unaonata. Niligusa, vidole vikashikana.

Nimelinganisha na aina za mbaruti ambazo huku ni magugu. Cirsium vulgare nimeshaitoa kwenye orodha, kwa kuwa jani lake ni la kukwaruza kwa juu na shina lina mabawa ya miiba. Carduus nutans pia sio, ile huinamisha kichwa. Nilichimba mmoja nikakuta mzizi mnene ulioshuka chini, sio ile inayotambaa ya Cirsium arvense. Programu ya simu ya kutambua mimea nayo kigeugeu: leo inasema Cirsium undulatum, kesho Cirsium ochrocentrum, zote mibaruti ya asili ya huku.

Maswali yangu ni mawili. Hizi mbili za mwisho mnazitofautisha kwa alama gani, urefu wa miiba au jani linavyoshika shina? Na wakati nasubiri jibu, nikikata vichwa kabla ya mbegu kupeperuka, inatosha?