Wakuu naomba ushauri, watoto wanagoma kwenda shule kwa miguu

Kifuniko: Wakuu salama? Niende kwenye mada. Nina watoto wawili wako shule ya msingi, shule ni karibu tu ila wamezoea gari la shule liwachukue mlangoni. Nataka waanze kutembea, miili ichangamke, maana kutwa wako kwenye simu. Tatizo wanagoma, yule mdogo akisikia tu anaanza tumbo linauma. Mnawashawishije watoto wa hivi? Matusi hapana tafadhali.

MzeeWaKona: Mtoto anashawishiwa tangu lini? Sisi tulikuwa tunatoka giza bado halijaisha, viatu mkononi visichafuke, ukichelewa fimbo inakusubiri getini. Deko tu hilo.

Saa Mbovu: Ngoja waje wenye watoto, mimi hata kwa jirani naenda na pikipiki

Mwalimu_Chaki: Mkuu "karibu" ni dakika ngapi? Wana umri gani? Kuna barabara ya kuvuka?

Kifuniko: Nusu saa hivi kwa mwendo wa mtoto. Mkubwa 10, mdogo 6.

Mwalimu_Chaki: Barabara umeiruka.

Kifuniko: Ipo moja ya lami, magari yanakimbia kiasi, zebra ilikuwepo ikafutika. Ila mkubwa ana akili sana, atamshika mwenzake mkono. Halafu tusirefushe, dereva wa gari la shule nishamwambia kuanzia Jumatatu asije, hela yake ina kazi nyingine. Nimeomba mbinu za kuwahamasisha tu.

Mama Tatu: Yaani roho ya mtoto unamkabidhi mtoto mwenzake!! Wa kwangu wa mwisho alikuwa akiona paka tu anachomoa mkono huyo anakimbia. Mtoto wa miaka 6 hajui kukadiria gari linakuja kwa kasi gani, anaona liko mbali anakurupuka, na akisimama nyuma ya gari lililopaki dereva hamwoni kabisa. Huyo sio mvivu, anaogopa.

Mwalimu_Chaki: Wazo la kutembea sio baya, WHO wanataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli za kumtoa jasho. Ila tafuta wazazi wenzako muanzishe basi la miguu, wazo alilitoa David Engwicht wa Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Watoto wanakwenda kundi moja, mtu mzima mbele na mwingine nyuma, kuna vituo na saa yake, wazazi mnapokezana zamu. Japani sehemu nyingi wanakwenda kwa makundi hivyo hivyo. Kwanza tembea nao wewe siku isiyo ya shule, mdogo ndio aseme lini mvuke na kwa nini, wewe unamsahihisha. Msivukie katikati ya magari yaliyopaki, sogeeni mpaka panapoonekana pande zote hata kama mnazunguka.

Kifuniko: Asubuhi ndio natoka shifti ya usiku mkuu. Na majirani siwajui.

Ndimi Nane: Hii CHAI. Kifuniko si ndio mwaka jana alifungua uzi wa kutafuta mchumba akasema hana mke wala mtoto? Leo ana wa miaka 10!

Saa Mbovu: 😂😂 unawalisha nini mkuu mbona wamekua haraka hivyo

MzeeWaKona: Nimepoteza bando langu bure

Kifuniko: Kwani ule uzi haukujibu? Nilimpata, tukaoana, alikuja na wawili. Nawaita wangu, kuna ubaya?

Mama Tatu: Hakuna ubaya, hongera. Mama yao anajua umekatisha gari?

Kifuniko: Yuko safarini, anarudi mwisho wa mwezi. Nilitaka akute wameshazoea.

Mama Tatu: Weeee

Ndimi Nane: Nafuta kauli ya chai. Ila kaka hiyo ndoa unaipenda kweli?

Mwalimu_Chaki: Mpigie dereva leo hii gari liendelee, na mama yao umwambie wewe kabla hajaambiwa na watoto. Mambo ya zamu yatafuata.

Kifuniko: Dereva nitampigia. Ila hiyo ya zamu, jirani usiyemjua unamgongea unaanza na nini?

MzeeWaKona: Unaanza na shikamoo.