Naomba ushauri: nimejifunza sumukuvu maabara, nyumbani nianzie wapi?

Habari zenu wakuu. Nasoma sayansi ya chakula, nipo mafunzo kwa vitendo kwenye maabara moja hapa Dodoma, tunapima sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu, kwenye mahindi na karanga. Kilichonishtua ni sampuli: sumu haisambai sawasawa, kwa hiyo unachota kwenye gunia juu, katikati na chini, unachanganya, unasaga, ndipo unapima. Ukichota kiganja cha juu tu, majibu yanadanganya. Tena karanga inaweza kuonekana safi na bado ina sumu, na kupika hakuimalizi.

Kwetu Kongwa karanga tunaanika chini, zilizokunjamana tunasaga za mboga. Na 2016 sumu hii iliua watu mkoani hapa! Bibi na mama nawaambiaje bila kuonekana nawafundisha wakubwa kazi? Aliyewahi kuwaelewesha wazee wake anisaidie.