Tupeane uzoefu: Core i3-5005U na Celeron N4020, ipi imekufaa kazini?

Mleta mada (Nyegezi)

Ndugu wanajamvi, nawasalimu. Mdogo wangu anaanza chuo mwaka huu, na mzee amenikabidhi jukumu la kumtafutia kompyuta mpakato. Kwa fedha tulizo nazo, kila duka nililoingia hapa Mwanza limenirudisha kwenye njia panda ileile: ama mashine ya mtumba yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel Core i3-5005U, ama mpya ya kwenye boksi yenye Celeron N4020. Zote mbili ninazitumia katika steshenari yangu karibu na stendi ya Nyegezi, hivyo nitaanza kwa kueleza niliyoyaona. Naomba tu asije mtu akaandika "i3 ni i3" kisha akaondoka.

Prosesa ya i3-5005U ilitoka mapema mwaka 2015 na ni ya kizazi cha tano. Ina viini viwili, lakini kila kiini hupokea mikondo miwili ya kazi kwa wakati mmoja, ndiyo maana Windows huonyesha minne. Kasi yake ni GHz 2.0, yaani mipigo bilioni mbili kwa sekunde, na haipandi zaidi ya hapo, kwa kuwa haikupewa uwezo wa kujiongezea kasi. N4020 ilitoka mwishoni mwa 2019; nayo ina viini viwili, bila mikondo ya ziada, na kasi yake ya kawaida ya GHz 1.1 hupanda hadi 2.8 kazi inapoibana. Muuzaji atakuonyesha hiyo 2.8 na huo mwaka 2019, halafu atanyamaza.

Ukweli ni kwamba GHz si kilo za sato, kwamba ukizipima mwaloni Kirumba au Igombe uzito ni uleule. Kiini cha Core hukamilisha kazi nyingi zaidi katika kila mpigo kuliko kiini cha Celeron ya aina hii, hivyo 2.0 ya huku na 2.8 ya kule hukaribiana sana. Nikifungua Word peke yake, nikifumbwa macho nisione nembo, sidhani kama ningezitambua. Tofauti hujitokeza jioni wanafunzi wanapopanga foleni: tasnifu ya kurasa tisini inachapwa, fomu ya mkopo iko wazi kwenye Chrome, na picha za pasipoti zinasubiri kukatwa. Hapo i3 huendelea kujikongoja bila kusimama, lakini Celeron huanza kwa nguvu, ikishapata joto hushusha kasi, na mteja hubaki akitazama kile kiduara kinachozunguka, kisha ananitazama mimi.

Karibuni.

Mwalimu, Ukerewe

Ndugu mleta mada, umeisema Celeron kwa mtu anayekaa kwenye umeme wa uhakika. Mimi ninafundisha sekondari kisiwani, na nyumbani ninatumia sola ndogo. N4020 imeundwa kwa kiwango cha wati 6, wakati i3-5005U ni wati 15. Ninajua kioo na vifaa vingine navyo vinakula chaji, lakini tofauti hiyo ninaiona kila siku. Mashine yangu haina feni kabisa, na nimewahi kupanda meli ya Nansio nikajumlisha alama za kidato cha pili njia nzima bila kutafuta soketi.

Jambo jingine ni video. Masomo ninayoyapakua YouTube huja mara nyingi katika mfumo wa kubana video uitwao VP9, na N4020 ina sehemu maalumu ya kuufungua mfumo huo, pamoja na ule wa HEVC unaotumiwa na simu nyingi kurekodi. Mwenzangu ana i3 ya kizazi hicho cha tano. Video hizohizo huibebesha prosesa mzigo mkubwa, na feni huvuma hadi wanafunzi wa nyuma wanacheka.

Kilio changu ni hifadhi ya GB 64. Sasisho moja kubwa la Windows likija, ninaanza kufuta picha za harusi yangu.

Fundi, Makoroboi

Mwalimu amesema kweli, ila mimi ninazifungua zote, na ninadhani mnabishana juu ya prosesa wakati ugonjwa uko pembeni yake. Mashine nyingi za N4020 zinazofika mezani kwangu zina RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya GB 4 iliyochomelewa kwenye ubao, na hifadhi ya mafaili ya aina ya eMMC iliyochomelewa vilevile. Mteja akiniambia "fundi, niongezee," ninamrudishia mashine yake na pole. Za i3-5005U, kwa sehemu kubwa, zina nafasi ya kuchomeka RAM ya aina ya DDR3L, na prosesa yenyewe inakubali hadi GB 16. Hata diski yake ya zamani unaitoa, unaweka SSD ya SATA, hifadhi ya kasi isiyo na sahani inayozunguka. Nimeshafanyia wateja wengi kazi hiyo, na mtu aliyekuja akilalamika kuwa prosesa imechoka huondoka akidhani nimembadilishia kompyuta.

Lakini mtumba una mambo yake. Betri huwa imekwisha, na ile krimu inayopitisha joto kati ya prosesa na kipozeo huwa imekauka kama udongo. Halafu sisi wa kando ya ziwa tuna balaa letu: wale wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata taa usiku hunyonywa na feni. Nimefungua mashine ya jamaa mmoja wa Igombe, nikakuta wameshikana kwenye matundu ya kipozeo kama kitambaa. Mwenyewe alikuwa ameshaambiwa kwingine kwamba prosesa imeungua. Mashine isiyo na feni haina shida hiyo.

Mwanafunzi, Malimbe

Ninaongeza jambo ambalo halikuandikwa kwenye boksi langu. N4020 haina AVX, yaani amri za prosesa za kukokotoa namba nyingi kwa pamoja, ilhali i3-5005U inazo hadi AVX2, ingawa ni ya zamani zaidi. Nilipokuwa nikijifunza kutengeneza programu, nilisakinisha programu ya hifadhidata, MongoDB toleo la 5.0, ikagoma kuwaka. Siku tatu nilitafuta kosa kwenye mipangilio yangu, kumbe toleo hilo linahitaji AVX. Nilirudi toleo la 4.4, likafanya kazi. Kwa hiyo, kaka, mdogo wako anakwenda kusoma nini?

Mleta mada (Nyegezi)

Anakwenda kusoma uhasibu. Excel ndiyo itakuwa shamba lake, na atakaa hosteli yenye umeme. Ninaelekea kwenye i3, iwe na RAM ya GB 8 na SSD. Kinachonisumbua ni kwamba Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na i3-5005U haimo kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa na Windows 11, wakati N4020, pamoja na udhaifu wake wote, imo. Fundi, unawafanyia nini wateja wako?

Fundi, Makoroboi

Anayeandika na kutumia intaneti ninamwekea Linux Mint, mfumo wa bure unaowekwa badala ya Windows, anazoea ndani ya wiki. Wa Excel ya kihasibu ni mgumu, kwa sababu LibreOffice, programu ya ofisi ya huko Linux, hufungua mafaili yake, lakini makro nyingi (amri za kujiendesha zilizomo ndani ya faili) huharibika. Kwa huyo ningetafuta mtumba wenye prosesa ya Core ya kizazi cha nane, inayokubaliwa na Windows 11, hata kama mtachanga miezi miwili zaidi. Mkishindwa, chukueni i3, ila usilipe kabla hujaileta hapa niifungue mfuniko.

Mleta mada (Nyegezi)

Nimempigia mzee. Amesema miezi miwili anaweza kusubiri, lakini chuo hakisubiri. Kesho asubuhi nitakuja na muuzaji mwenyewe, uifungue akiwa anaona.