Mfarishi wa viraka vya kanga: nitautundikaje chumbani kwa mtoto bila kuuharibu?

BiMdogo_Tanga
Wanajamvi, habari za leo. Nina mfarishi wa viraka vya kanga, kazi ya mkono ya bibi mzaa baba wa mume wangu. Upana sm 150, urefu sm 190, nyuma ni marekani, katikati kuna blanketi jembamba la pamba. Viraka kadhaa vimekatwa kwenye jina la kanga na maneno bado yanasomeka nusu nusu. Nataka ukae ukutani chumbani kwa mtoto, ana mwaka na nusu. Ukuta ni wa tofali za saruji, dirisha linatazama mashariki. Fundi anasema apige misumari minne kwenye pembe. Shemeji anataka fremu ya kioo. Mama mkwe kanipa naftalini niweke nyuma yake. Nifuate lipi?

Cherehani_Kongwe
Dada, misumari sahau. Uzito wote utaning'inia kwenye pembe mbili za juu, katikati patalegea, na kanga ya zamani itachanika pale pale msumari ulipopita. Pwani msumari nao hupata kutu haraka, na doa la kutu kwenye pamba halitoki kirahisi.

Kinachotakiwa ni mfuko mrefu wa kupitishia fimbo, ushonwe nyuma kwa juu, ili uzito ugawanyike upana mzima. Nunua marekani, uifue kwanza isije ikasinyaa baadaye. Kata kipande cha sm 149 kwa 23. Pinda ncha mbili fupi sm 1.5 kila upande, ubaki na sm 146. Kunja katikati kwa urefu, shona uwe kama bomba, piga pasi. Uweke sm 2 chini ya ukingo wa juu, sm 2 ndani kila upande, ushone kwa mkono ukingo wake wa juu. Halafu, kabla ya kushona ukingo wa chini, usukume juu kama sm 1 ili upande wa nje ubaki na ulegevu. Wengi hawafanyi hivyo. Fimbo ikiingia inasukuma kitambaa na mbele kunatokea tuta refu.

Sindano ishike marekani ya nyuma na blanketi tu, isitokeze kwenye kanga. Mshono mmoja kila nusu sentimita, uzi wa pamba. Uzi wa nailoni ni mgumu kuliko nguo yenyewe, siku ikivutwa nguo ndiyo inayokatika. Na zile ncha mbili wazi, shikiza tabaka la ndani kwenye mfarishi, la sivyo fimbo itapita katikati ya mfuko na nguo badala ya kuingia ndani.

Fundi_wa_Nyumba
Naongezea upande wa ukuta. Bomba la pazia la chuma lisiloshika kutu linatosha. Ukipenda mti, upake vanishi, uache ukauke vizuri, kisha uuzungushie marekani, maana mti usiopakwa kitu hutoa asidi na mafuta yanayoacha rangi ya kahawia kwenye pamba.

Tundu la milimita 8, fisha (kile kiplastiki cha kushika skrubu ukutani) ya 8, skrubu ya milimita 5 yenye urefu wa 60. Plasta peke yake haishiki kitu, kwa hiyo fisha ivuke plasta iingie kwenye tofali. Tofali zetu nyingi zina mchanga mwingi: drili isiwekwe kwenye kugonga, tundu litapanuka na fisha itazunguka bure. Tumia vishikio vitatu, cha katikati ni muhimu kwa urefu huo, bomba lisipinde. Kwa cha katikati mfuko uachwe wazi kidogo, yaani ushone mifuko miwili yenye nafasi ya sm 4 kati yake. Vishikio viuweke mfarishi sm 3 mbali na ukuta, hewa ipite.

Cherehani_Kongwe
Kweli, hilo la mifuko miwili nililiruka. Kata vipande viwili vya sm 74 basi.

Mlezi_Pwani
Mahali pa kutundika ndipo penye hatari. Usiwe juu ya kitanda cha mtoto, wala pale ambapo akisimama kitandani au kwenye sanduku la midoli anafika ukingo wa chini. Mtoto wa umri huo akishika nguo hajivuti tu, anajitundika. Urefu wa sm 190 unakula ukuta karibu wote, kwa hiyo tafuta ukuta usio na fanicha chini yake, au uutundike kwa upande ili ushuke sm 150 tu. Hapo mifuko uipime upya. Usiache kamba yoyote ikining'inia.

Jua la asubuhi lisiugonge. Ukuta ulio na dirisha lenyewe ndio salama, kwa sababu mwanga hauupigi uso kwa uso. Rangi ikishapauka hairudi. Feni nayo isiupepee moja kwa moja, kupepea mchana kutwa kunalegeza mishono.

Naftalini mrudishie mama mkwe kwa heshima. Nondo hula sufu na hariri, pamba si chakula chao. Na mvuke wake ni hatari kwa watoto wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao ni wa kawaida huku kwenye malaria: seli nyekundu za damu hupasuka, mtoto akapata manjano na kupungukiwa damu. Wengi hawajui kama mtoto anao. Wadudu wanaotafuna pamba, mende na wale wadogo wa rangi ya fedha, hufuata wanga na uchafu. Kwa hiyo usiutie wanga unapopiga pasi, basi.

Kaka_Mbao
Kioo mimi sikikatai moja kwa moja, ila kwa ukubwa huo fremu itakuwa nzito kupita kiasi chumbani kwa mtoto, na nguo ikigusa kioo Tanga hii, unyevu unakwama na koga inaanza.

BiMdogo_Tanga
Ahsanteni sana. Kabla ya kuutundika niufue? Una harufu ya kabati.

Cherehani_Kongwe
Jaribu rangi kwanza. Lowesha kitambaa cheupe, ukandamize dakika chache kwenye kila rangi, hasa nyekundu na nyeusi. Kikichafuka hata kidogo, usifue. Siki na chumvi hazitaizuia rangi ya kiwandani iliyokwisha kulegea. Uanike kivulini siku yenye upepo, bapa juu ya mkeka wenye shuka safi, harufu itapungua. Udi pia uache, moshi wake huganda kwenye nyuzi. Vumbi utalitoa kwa mashine ya kufyonza iliyowekwa nguvu ndogo, mdomo umefungwa chandarua.

Masika yakianza uushushe, uukague nyuma kama kuna vidoa vyeusi. Ukitaka kuuhifadhi, uuviringishe kwenye bomba lililofunikwa shuka, kanga ikiwa upande wa nje.