Naombeni ushauri: naenda Bangkok peke yangu, siku tano, bajeti ndogo

Binti Ngamiani
Habari za saa hizi wakuu. Mimi ni mama wa watoto wawili, niko Tanga. Mwezi wa nne nakwenda Bangkok, peke yangu, bila wakala. Mbali kabisa nilikowahi kufika ni Mombasa na Kampala, kwa basi. Viza nimeshapata kwa mtandao, kadi ya homa ya manjano ninayo. Lakini kadiri siku zinavyosogea usingizi unakata, naamka saa nane za usiku nahesabu hela gizani.

Nisaidieni haya: malazi ya bei ya chini ila salama kwa mwanamke, chakula cha halali, namna ya kutoka uwanja wa ndege hadi mjini, na nitenge shilingi ngapi kwa siku. Naomba wajibu waliofika.

Mzee wa Feri
Karibu binti. Mimi nilifika enzi za ubaharia, meli zikifunga Khlong Toei, pale mtoni, kabla meli kubwa hazijahamia Laem Chabang. Siku moja mimi na mwenzangu wa Pangani tukaenda kutazama kasri la mfalme. Karibu na geti akatokea mtu nadhifu, shati limenyooka, akasema leo pamefungwa, kuna ibada. Akatuitia bajaji yao, wanaiita tuk tuk, kwa bei ya kutupa. Tukashushwa duka la vito. Mwenzangu akamnunulia mkewe pete ya yakuti. Sonara wa Tanga alipoiweka kwenye mwanga akamrudishia bila kusema neno. Kioo kitupu. Mtu yeyote akikwambia kasri limefungwa, mpite, nenda mpaka getini ujionee mwenyewe.

Kijana wa Tabata
Mzee ameulizwa malazi anajibu vito. Dada, ukitua Suvarnabhumi usipande teksi. Shuka chini kabisa kuna treni, Airport Rail Link. Nauli haizidi baht 45 hadi kituo cha mwisho, Phaya Thai. Baht moja ni kama shilingi 78 hivi. Kitanda cha chumba cha pamoja cha wanawake, baht 300 hadi 500. Chakula cha mtaani 60 hadi 80. Ukijibana, baht 1,000 kwa siku zinakutosha.

Kabla ya kuondoka jaza fomu ya kuingia nchini kwa mtandao, TDAC, ndani ya siku tatu kabla ya kutua. Ni bure, ukiona tovuti inadai hela kimbia. Na ukifika usiende moja kwa moja uhamiaji. Sisi tunaotoka nchi zenye homa ya manjano tunaanzia dawati la afya, kadi igongwe muhuri. Watu wanapanga foleni ndefu wanarudishwa nyuma.

Mwalimu Mstaafu
Watoto wawili unamwachia nani? Mzee wa nyumba anasemaje? Hela ya tiketi tu ni matofali mangapi? Vijana mmekuwa wepesi wa kuona dunia wakati msingi haujapanda. Mimi nimejenga kwa mshahara wa ualimu, tofali moja moja, na sijawahi kupanda ndege.

Binti Ngamiani
Mwalimu shikamoo. Watoto wanabaki kwa mama yangu. Mzee wa nyumba alishafariki. Naomba turudi kwenye swali.

Dada wa Muscat
Pole kwa msiba, mwenzangu. Ila na mimi nakuuliza, na usikasirike. Mtu anayekwenda kutembea huuliza mahekalu, masoko ya usiku, visiwa. Wewe umeuliza hela na usalama basi. Kuna mtu amekuita? Kama umeahidiwa kazi ya kompyuta au ya kupokea simu, na wakasema gari litakupokea uwanjani, usiende. Wakenya, Waganda na Waethiopia wamepitishwa hapo hapo Bangkok, wakapelekwa Mae Sot, mpakani, wakavushwa mto hadi Myawaddy upande wa Myanmar, wakafungiwa na kulazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Mwanzoni mwa 2025 waliokolewa maelfu kwa mpigo, na Waafrika walikuwemo. Nakuomba kama ndugu, sema unakwenda kufanya nini.

Binti Ngamiani
Hapana dada, hakuna kazi wala mwanaume. Ahsante kwa kunijali. Nina fremu ndogo ya nguo za kike. Nakwenda kuangalia angalia magauni. Nikipenda nabeba kidogo.

Mama Vitenge wa Mtaa wa Kongo
Sasa hapo sema hivyo tangu mwanzo. Mimi ndiyo kazi yangu.

Usilale Khao San, mtaa wa watalii, ni mbali na biashara. Shuka kituo cha Ratchaprarop cha treni hiyo hiyo, upo Pratunam, mtaa wa maduka ya nguo. Platinum ni jengo la maduka lenye kiyoyozi, ukichukua vipande vitatu unapewa bei ya jumla. Mitaa ya nje wanaanza alfajiri na bei iko chini zaidi. Ukitaka kwa dazani nenda soko la Bobae, panda boti ya mfereji wa Saen Saep gati la Pratunam. Shika kamba, kaa mbali na ukingo, maji yale yakirukia gauni jipya harufu haitoki. Chakula cha halali kipo barabara ya Petchaburi, kichochoro cha 7 (wao wanasema soi 7), kuna msikiti wa Darul Aman, mnatembea kwa miguu. Beba dola mpya za mia, zisizo na mkunjo wala alama ya kalamu. Na begi la mtu usibebe, hata akiwa shemeji yako. Huko dawa za kulevya adhabu yake inafika kifo.

Sasa nijibu: mtaji kiasi gani, na wa nani?

Kijana wa Tabata
Na tunda la durian, lile lenye harufu kali, usiingize hotelini, watakutoza faini.

Binti Ngamiani
Mtaji milioni nane. Tiketi nimelipa kwa hela yangu, haigusi mtaji.

Mama Vitenge wa Mtaa wa Kongo
Nimeuliza wa nani.

Binti Ngamiani
Wa kikoba. Mimi ndiye mweka hazina. Kabla hamjanirukia, nielezeni kwanza mngefanya nini. Mgao ni mwezi wa sita. Iddi ya kuchinja ni mwisho wa mwezi wa tano. Magauni yakifika mwanzo wa mwezi wa tano yanaisha kabla ya sikukuu, hela inarudi na riba yake, kila mtu anapata zaidi. Kwa sasa hela imekaa tu kwenye sanduku haizai. Wenye funguo wawili wanajua na wamekubali. Mwenyekiti nitamwambia nikirudi, kwa sababu yeye ni mtu wa hofu, angekataa bila kusikiliza.

Mwalimu Mstaafu
Nilijua. Hela za kina mama wanaouza vitumbua, mwana wewe. Huo siyo mkopo, mkopo unaandikwa kwenye daftari mbele ya kikao.

Dada wa Muscat
Mwalimu mpole kidogo. Mimi kikoba chetu hapa Muscat, sote tunafanya kazi za ndani, kiliwahi kuyeyuka hivi hivi. Aliyechukua hakuwa mwizi, alikuwa na mpango mzuri kuliko wa huyu. Mgonjwa wake akazidiwa, hela ikaenda hospitali. Mpaka leo hatusalimiani. Namkumbuka kila nikipika biriani, yeye ndiye aliyekuwa mpishi wetu.

Kipimajoto
Chai hii, wakuu, na mnainywa bila sukari. Post ya kwanza mtalii. Ya pili mjane. Ya tatu mfanyabiashara. Ya nne mweka hazina. Kesho atakuwa na mapacha. Sanduku la kikoba lina kufuli tatu na funguo wanashika watu watatu, mweka hazina hashiki ufunguo. Atatoaje milioni nane? Mtunzi huyu anajaza uzi tu, uzi ufungwe.

Mzee wa Feri
Hata ikiwa chai, la Mae Sot ni kweli, na kuna binti mwingine anasoma kimya. Uzi usifungwe.

Binti Ngamiani
Kipimajoto, naandika kwa simu, mtoto amelala mapajani, sina muda wa kutunga. Sanduku ni la bati, la kijani, liko uvunguni mwa kitanda changu, kwa sababu mweka hazina analaza sanduku na wengine wanalaza funguo. Kufuli ya katikati inakwama, lazima uiminye na dole gumba huku unazungusha. Kila Jumapili tunahesabu mezani, noti za elfu mbili zina unga wa ngano na mafuta. Mwenye ufunguo wa tatu ni mwenyekiti, na ndiyo maana sijatoa hela bado. Nasubiri anipe ufunguo kwa kisingizio cha kubadilisha hiyo kufuli mbovu.

Kipimajoto
Sawa, hapo nimeamini. Na sasa natamani ingekuwa chai. Huo ufunguo usiuchukue kwa njia hiyo, dada yangu.

Mama Vitenge wa Mtaa wa Kongo
Mambo ya kikoba wamekwambia, mimi nabaki kwenye biashara. Gauni unalolitaka Kariakoo unanunua bei gani? Na umekata tiketi ya tarehe ngapi?

Binti Ngamiani
Kariakoo wananipa 35,000, nauza 50,000. Kule nimeona mtandaoni baht 250. Naondoka tarehe 11 Aprili usiku, narudi 17. Ilikuwa ndiyo tiketi ya bei nzuri.

Mama Vitenge wa Mtaa wa Kongo
Mungu wangu. Tarehe 13 hadi 15 ni Songkran, mwaka mpya wao. Wanamwagiana maji barabarani, na wenye maduka wanarudi kwao mikoani. Pratunam utakuta mageti yameshushwa, na wengi hawafungui siku inayofuata. Karibu siku zako zote tano zimeangukia hapo.

Halafu hesabu. Baht 250 ni 19,500. Weka nauli ya mzigo, sema 21,000. Ushuru wa nguo mpya Afrika Mashariki ni asilimia 35, juu yake VAT asilimia 18. Umefika 33,000 na ushee. Milioni nane inakupa gauni kama 240. Gawanya tiketi na malazi yako humo, kila gauni linaongezeka kama elfu 12. Jumla elfu 45. Wa Kariakoo anakupa kwa 35, kwa sababu yeye anabeba marobota na wenzake. Anayekwambia utapita nalo kwenye begi bila kulipa, muulize likikamatwa atawaeleza nini wenye vitumbua.

Binti Ngamiani
Ushuru nilidhani ni kwa makontena. Lakini tiketi nimeshalipa, kuibadilisha kuna faini. Na nilishamwambia mwanangu mkubwa nitamletea saa.

Dada wa Muscat
Faini ya tiketi unailipa wewe peke yako. Nenda Jumapili kikaoni na hesabu ya Mama Vitenge kwenye karatasi. Mwenyekiti mwoga ndiye unayemhitaji.

Binti Ngamiani
Faini ni 260,000. Nimewapigia. Wanasema Mei kuna nafasi, tarehe 4. Mama Vitenge, nikija na mtaji wangu mwenyewe, milioni moja na nusu, kuna mtu wa kuchangia naye robota?

Mama Vitenge wa Mtaa wa Kongo
Mei tutakuwa wanne. Njoo Kariakoo kwanza, tuonane ana kwa ana, uone tunavyofunga mzigo na risiti za forodha. Hela usinitumie, wala usimtumie mtu yeyote wa humu.

Mgeni Kigamboni
Samahani kuingilia. Kadi yangu ya manjano ni ya 2009, nichome tena?

Kijana wa Tabata
Hapana. Tangu 2016 chanjo ile ni ya maisha. Hakikisha jina linafanana na la pasipoti tu.