Umekata "Ndiyo Mzee" katikati halafu UNACHEKA?

Wakuu, nimeshuka daladala kabla ya kituo changu kwa hasira. Yule mtangazaji wa jioni, mnamjua, yule anayecheka utani wake kabla hajaumaliza. Msikilizaji kaomba "Ndiyo Mzee" ya Profesa Jay. Ngoma imeingia, konda kasahau nauli, gari zima tunaitikia. Mgombea wa kwenye wimbo ndiyo kwanza anamwaga ahadi, jamaa AKAKATA. Akacheka! Eti nyimbo za shida waachiwe wazee, watu wanataka kucheza. Akaweka tangazo la kubeti.

La kubeti, wakuu!

Wimbo wa 2001 huo, na kila uchaguzi ukifika unakuwa mpya. Aliyeuimba aliingia bungeni 2015 kwa kura za Mikumi. Wewe hata ujumbe wa nyumba kumi hupati! Na nani kakudanganya wimbo wenye ujumbe hauchezeki? Remmy Ongala kaimba "Mambo kwa Soksi", kaongelea kondomu na ukimwi wakati watu wazima wanaona haya, na dansi lilijaa mpaka vilema wa miguu walisimama. Halafu wewe unakata. Unacheka!

Kichwa Ngumu: Umeshuka kwa hasira au nauli iliisha?

Binti Pangani: Afadhali wewe umekatiwa wimbo. Wagosi wa Kaya waliimba "Wauguzi" miaka ile kuwasema manesi wanaonyanyasa wagonjwa, na juzi nesi kanitukana vilevile, mimba ya miezi minane.

Mzee wa Ubungo: Mtangazaji anaogopa. Nay wa Mitego alikamatwa 2017 kwa "Wapo", wimbo wa kuisema serikali, mpaka Magufuli mwenyewe akaagiza aachiwe na wimbo upigwe.

Mleta uzi: Huyu kaogopa nini? Muoga hukata kimyakimya. Huyu alikata AKACHEKA!

Jirani Nairobi: Sisi "Nchi ya Kitu Kidogo" ya Eric Wainaina tunaiimba yote, na kitu kidogo bado tunatoa.

Kichwa Ngumu: Wakenya mmeingiaje humu?

Jirani Nairobi: Mlango ulikuwa wazi.

Mzee wa Ubungo: Binti Pangani, huyo nesi ulimripoti?

Binti Pangani: Nimripoti kwa nani? Mganga mfawidhi ni shemeji yake.

Mleta uzi: Jamani, uzi ni wa mtangazaji!

Kichwa Ngumu: Shemeji yake kabisa? Tupe mkasa wote, dada.